Kamera kando ya barabara ya Mombasa–Malindi: ni usalama au ni pesa?

Swali: Huendesha gari kutoka Mtwapa hadi mjini Mombasa karibu kila siku. Trafiki hujificha na kamera kando ya barabara, mara nyingi pale ilipo pana na wala humwoni mtu akivuka. Je, wanalinda maisha yetu au wanatafuta pesa? Na nikisimamishwa, nifanye nini?

Ndugu msomaji, upimaji wa mwendo huokoa maisha, na ushahidi wa hilo ni mwingi. Lakini si kila askari anayesimamisha magari anapima mwendo, na hapo ndipo lalamiko lako lina uzito. Nia ya aliyeshika kamera huwezi kuiona. Unachoweza kukiona ni mahali alipowekwa, kibao kilichomtangulia, mfuko inakoishia pesa, na kama magari yanapunguza mwendo baada ya yeye kuondoka.

Tuanze na mwendo wenyewe, maana madereva wengi huamini kwamba kilomita kumi za ziada si kitu. Chukua gari dogo lenye breki nzima na tairi nzuri, kwenye lami kavu. Tangu dereva amwone mtoto akiingia barabarani hadi mguu ukanyage breki hupita kama sekunde moja na nusu. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari limeshakwenda mita 21 kabla breki haijashika, kisha linahitaji mita 14 hivi ili lisimame. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 60, mita 25 hupotea kabla ya breki na jumla inafika mita 45. Sasa huyo mtoto yuko mita 35 mbele. Dereva wa 50 anasimama miguuni pake. Dereva wa 60 anamgonga akiwa bado kwenye kilomita 43 kwa saa. Dereva wa 80 ndiyo kwanza breki inaanza kushika, na anamgonga akiwa kwenye kilomita 78. Hiyo ni lami kavu. Mvua ya kwanza ya masika ikichanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika, ongeza mita kwa kila mmoja wao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila asilimia 1 ya ongezeko la mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali za vifo kwa asilimia 4. Linasema pia kwamba mtembea kwa miguu anayegongwa na gari dogo kwa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu ya yule anayegongwa kwa kilomita 50. Kenya ilipoteza watu 4,748 barabarani mwaka 2024, na kundi kubwa zaidi miaka nenda miaka rudi ni la wanaotembea kwa miguu. Barabara yako inapita Kongowea, Bamburi na Mtwapa, penye masoko, shule, misikiti na vituo vya matatu pande zote mbili. Pale unapoona hakuna anayevuka saa nne asubuhi, huenda saa moja jioni wafanyakazi wa hoteli wanavuka gizani. Ndiyo maana kikomo cha miji na vituo vya biashara nchini ni kilomita 50 kwa saa hata lami ikiwa pana kiasi gani.

Je, kamera husaidia? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2010 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ulikuta kwamba karibu na kamera za mwendo ajali za vifo na majeraha makubwa zilipungua kwa kati ya asilimia 11 na 44. Upana wa takwimu hiyo una sababu zake. Kamera iliyowekwa mahali pabaya haizai kitu. Tena kuna mtego wa hesabu: ukichagua mahali kwa sababu mwaka jana palikuwa na ajali nyingi kupita kawaida, mwaka huu zitapungua zenyewe hata ungesimamisha kamera ya mbao. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ajali za mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, mwombe miaka mitatu hadi mitano kila upande.

Mahali, basi, ndiyo kipimo cha kwanza. Kamera ina sababu ya kuwapo pale watu wanapogongwa na mwendo ukawa chanzo: karibu na soko la Kongowea, mbele ya shule, au, kwenye barabara ya Nairobi, mteremko wa Mazeras kuja Miritini ambako trela lenye mzigo hupata kasi na breki zake hupata moto. Nina shaka na kamera inayowekwa kila mara mahali palipo rahisi kukamata, ambapo barabara ni nyoofu, kivuli kipo, na nafasi ya kuegesha magari yaliyosimamishwa ni kubwa, ilhali mita 800 mbele kuna kivuko ambacho hakuna anayekilinda. Huko anayewinda namba za magari huvuna, na anayevuka kwa miguu habakiziwi chochote.

Kujificha peke yake si ushahidi wa hila. Najua hili halipendezi, lakini kamera inayoonekana hupunguza mwendo kwa mita mia chache tu. Dereva hukanyaga breki, hupita, kisha hukanyaga mafuta kufidia. Na hapa Pwani tunasaidiana kwa kuwashiana taa, kiasi kwamba kamera ikishaonekana na magari matatu imekwisha kazi. Kamera isiyojulikana ilipo humfanya dereva awe na wasiwasi barabara nzima. Wataalamu hutumia zote mbili: inayoonekana kulinda sehemu moja hatari, ya siri kutuliza barabara nzima. Kisicho na utetezi ni kuficha kikomo chenyewe. Vibao vya barabara zetu huibwa na kuuzwa vyuma chakavu, vingine hufunikwa na matawi au mabango ya matangazo. Anayeweka kamera mahali ambapo kibao hakionekani hamfundishi dereva kitu.

Kuna pia swali la umbali baada ya kibao. Dereva anayetoka kwenye kikomo cha 100 akiingia kwenye 50 anahitaji nafasi. Akiachia mafuta na kugusa breki kidogo tu, mwendo ukipungua kwa mita moja kwa sekunde kila sekunde, atatumia karibu mita 290 kufika 50. Kamera iliyosimikwa mita 100 baada ya kibao inamkamata hata aliyeanza kutii. Mita 300 au zaidi ni haki. Pungufu ya hapo ningedai maelezo, isipokuwa kama kulikuwa na kibao cha 80 kilichotangulia au kuna shule hapo hapo.

Sasa pesa. Watu wengi Mombasa hudhani faini hizi huingia kaunti au hubaki na polisi. Kisheria haziendi huko. Kosa la mwendo ni la sheria ya kitaifa, faini hulipwa mahakamani au kwa njia rasmi ya serikali, na chini ya ibara ya 206 ya Katiba mapato ya serikali ya kitaifa huingia katika mfuko mkuu unaosimamiwa na Hazina ya Kitaifa. Kaunti ina ada za maegesho na nyinginezo; ya mwendo haina. Kituo cha polisi hakiongezewi bajeti kwa sababu kimeandika madereva wengi. Na kama serikali inataka pesa za mwenye gari, haihitaji kumvizia chini ya mwarobaini: tangu Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ni shilingi 25 kwa kila lita ya mafuta. Ukijaza lita 40 umeshalipa shilingi 1,000, bila kukimbizwa na mtu.

Hali huwa tofauti pale anayekamata ndiye anayefaidika. Mwaka 2014 mji mdogo wa Waldo, Florida, ulivunja kikosi chake chote cha polisi baada ya maofisa wake kueleza hadharani kwamba walikuwa wakipangiwa idadi ya tiketi. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilichapisha ripoti iliyoonyesha kuwa polisi wa Ferguson, Missouri, waliendeshwa na haja ya mapato kuliko usalama. Uingereza nayo iliruhusu kwa miaka kadhaa gharama za kamera zilipwe kutokana na faini. Ingawa kamera zilipakwa rangi ya manjano na kulikuwa na masharti ya idadi ya ajali kabla ya kusimika moja, umma haukuacha kushuku, na utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2007.

Kwetu uchumi ulio hatari ni ule usio na risiti. Ukienda kilomita 65 kwenye kikomo cha 50, faini rasmi ni shilingi 3,000. Ukimalizana na askari kwa kitu kidogo, bei ya kosa imeshuka, hakuna kumbukumbu, na anayevunja sheria kila siku hawezi kutofautishwa na aliyeteleza mara moja. Kesho utapita hapo hapo kwa mwendo ule ule ukijua bei. Hapo kamera imegeuka kibanda cha ushuru, na anayelipa gharama yake ni mama anayevuka na ndoo kichwani. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mjadala wa usalama au mapato kwa kawaida humlenga askari peke yake, na hongo ina mikono miwili. Sheria ya Hongo ya 2016 inamkamata anayetoa na anayepokea sawasawa: hadi miaka 10 jela, faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Kuna alama moja rahisi ya kutambua usimamishaji ambao hauhusiani na mwendo: hakuna kifaa. Askari anayepungia matatu na malori tu, hana kamera mkononi wala mwenzake mwenye kamera nyuma, hapimi kasi ya mtu. Huenda ana kazi nyingine halali, kama kukagua leseni, bima au tairi, lakini akikuambia ulikuwa ukienda mbio, muulize amepima kwa nini. Sheria ya Trafiki hairuhusu mtu ahukumiwe kwa kosa la mwendo kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake.

Vifaa vyenyewe ni vya aina mbili. Rada hurusha mawimbi na kusoma mabadiliko yanaporudi. Miale yake hutanuka. Kifaa chenye upana wa nyuzi 12 kwa umbali wa mita 300 kinafunika zaidi ya mita 60 za barabara, kwa hiyo ndani yake kunaweza kuwa na tuktuk, gari lako na trela nyuma yako. Mara nyingi kinachosomwa ni kile kinachorudisha mawimbi kwa nguvu, yaani trela. Hilo ndilo kosa kubwa la rada kwenye msongamano. Pembe, kinyume na wanavyodhani wengi, humfaa dereva: rada iliyosimama kando kwa nyuzi 20 itaisoma 100 kama 94. Kifaa cha leza hulenga doa la kama mita moja kwa umbali huo wa mita 300, kwa hiyo hutenganisha magari vizuri. Kosa lake huja mkono unapotetemeka na doa likateleza kutoka kwenye boneti hadi kwenye kioo, au kikitumiwa kupitia kioo cha gari la polisi. Vyote viwili vinapaswa kujaribiwa kabla ya zamu na kuwa na cheti cha usahihi ambacho muda wake haujapita.

Nawe usiamini sana mshale wa gari lako. Gari likiwa na tairi za kiwandani, mshale kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi. Ukibadilisha tairi za saizi ya 195/65R15 ukaweka 205/65R15, tairi imekua kwa asilimia 2 na mshale unashuka kwa kiasi hicho. Linganisha na programu ya ramani kwenye simu, katika barabara nyoofu, kwa mwendo usiobadilika.

Ukisimamishwa, simama pembeni kabisa, zima injini, salimia. Uliza mambo matatu kwa utulivu: kikomo cha hapa ni ngapi, nimepimwa ngapi, na naomba kuona picha au namba kwenye kifaa. Tazama kama namba za gari ni zako, saa na tarehe ni sahihi, na kama kuna gari jingine ndani ya picha. Kama kilichopo ni namba tupu bila picha, uliza ni gari gani lililolengwa na kwa umbali gani, uandike majibu mara tu utakapoachiwa.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimepanga hivi: ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni shilingi 3,000, 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Zaidi ya 20 ni mahakamani, ambako faini inaweza kufika shilingi 100,000. Ijue ngazi hiyo kwa kichwa, maana vitisho vya barabarani hutegemea kwamba huijui. Mtu aliyezidisha kwa kilomita 8 hana sababu ya kutetemeka kwa kutajiwa laki moja. Unaweza kukubali kosa na kulipa kwa njia rasmi, au kukana na kwenda mahakamani. Usimpe askari pesa mkononi kando ya barabara kwa jina la faini. Ukipelekwa kituoni na kutakiwa kuweka dhamana, dai risiti yenye jina lako, kiasi, kosa na tarehe ya mahakama, na uende siku hiyo. Wengi hupoteza dhamana yao kwa kutofika tu, wakidhani wameshalipa faini.

Ukiamua kubisha, fanya kazi ya ushahidi siku hiyo hiyo. Rudi nyuma uipige picha barabara kwa mwelekeo uliokuja nao, kuanzia kilomita moja kabla ya kamera, ukionyesha kila kibao kilichopo au kilichokosekana. Mahakamani, ibara ya 50 ya Katiba inakupa haki ya kupewa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Omba picha, cheti cha usahihi wa kifaa, na kwa picha za kidijitali cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kesi hizi huanguka kwa mambo matatu hasa: gari lililopigwa picha halitambuliki, kifaa hakina cheti, au aliyekishika hakuja kutoa ushahidi. Lakini kama ulikuwa kwenye 85 mbele ya shule, lipa. Hakuna cheti kitakachobadilisha mita zile 35.

Limebaki lile swali lako la kwanza, na unaweza kulijibu wewe mwenyewe kwa sehemu unayopita. Tafuta vitu viwili visivyohama, nguzo ya umeme na lango kwa mfano, pima kati yao kwa kamba mita 100. Simama mbali na lami mahali ambapo madereva hawatakudhania trafiki, na usivae koti la kung'aa. Kwa saa ya simu, pima sekunde ambazo gari linatumia kutoka alama moja hadi nyingine, kisha gawanya 360 kwa sekunde hizo. Sekunde 7.2 ni kilomita 50, sekunde 6 ni 60, sekunde 4.5 ni 80. Kidole kikichelewa kwa sehemu tatu za kumi za sekunde, ile 80 itasomeka kati ya 75 na 86, kwa hiyo usitegemee gari moja. Pima magari 100, na uchague yale tu yasiyo na gari jingine mbele kwa sekunde tano hivi, ili usipime msongamano.

Panga majibu kuanzia la polepole hadi la kasi na utazame la 85. Huo ndio mwendo ambao wahandisi hutumia kusoma tabia ya barabara. Pima siku isiyo na kamera, siku ya kamera ukiwa kilomita moja baada ya magari kuipita, na tena wiki moja baada ya kamera kuondoka, saa ile ile na hali ya hewa ile ile. Kama la 85 lilikuwa 78 na limeshuka hadi 65, kamera inafanya kazi hata kama inakuudhi. Kama limebaki 78 mara zote tatu, operesheni hiyo imekusanya pesa au imepoteza muda, na haijamlinda mtu.

Na kama la 85 liko juu sana ya 50 kila siku, kamera peke yake haitatosha, kwa sababu barabara yenyewe inamwambia dereva akimbie. Hapo dawa ni tuta lililopakwa rangi na kuwekewa kibao, kivuko kilichoinuliwa, kisiwa katikati ili mtu avuke upande mmoja kwa wakati, na taa. Barabara ya Mombasa–Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, kwa hiyo barua iende kwa ofisi yao ya Mombasa, nakala kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kwa mwakilishi wa wadi. Andika mahali hasa, tarehe na saa za kupima, orodha ya magari yote 100, na picha za kivuko na vibao. Taja unachotaka kijengwe na mita ngapi kutoka wapi, kwa sababu barua inayosema tu kwamba watu wanakimbia sana haina mtu wa kuitekeleza.